Saa Kumi na Dakika Kumi na Mbili Alfajiri

"—wala situlii! Nitulie kwa lipi? Mnamfunga kaka yangu pingu mbele ya kompyuta aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, halafu mnaniambia nitulie? Situlii ng'o!"

Najat, mpokezi wa ofisi, alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba cha seva, mkono mmoja huku, mmoja kule, kama golikipa. Hapiti mtu. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa kasorobo alasiri, ofisi ya Kipimo Bora, kampuni ya wapima ardhi pale Chumbageni, Tanga. Saa moja tu nyuma watu walikuwa wanacheka humo humo.

"Binti, sogea," alisema Afande Abrahamu, mpelelezi mwenyewe, mtu mrefu, mpole, na upole wake ndio uliokuwa unamzidishia Najat hasira.

"Sisogei."

"Najat." Sasa alikuwa Badru, kaka yake, mikono mbele na pingu zake. "Sogea. Mwambie Mama nimesafiri kikazi."

Hapo ndipo mikono ilipomshuka. Akawapisha. Lakini machozi hakutoa, thubutu! Alisimama akawahesabu waliobaki mle ndani mmoja mmoja, akaapa kimoyomoyo: mmoja wenu kafanya, na nitamjua.

Sasa kisa chenyewe. Kipimo Bora walikuwa na seva kuukuu, sanduku jeusi la tangu 2004, linanguruma kama mashine ya kukoboa mahindi. Watu wote walikuwa wakiliita Babu. Ndani ya Babu kulikuwa na kila ramani ambayo kampuni imewahi kupima, kuanzia Tanga mjini mpaka Pangani. Za karatasi zilishaliwa na mchwa zamani, kwa hiyo Babu akifa, zimekufa.

Wiki hiyo makao makuu Dar walikuwa wameleta seva mpya ili ofisi zote ziingie kwenye domeni moja. Domeni ni kama nyumba yenye mlango mmoja na bawabu mmoja: ukitambulika mlangoni, unaingia vyumba vyote, usipotambulika, unalala nje. Badru, fundi wa mtandao, alikesha ofisini usiku wa Jumatano akiifunga hiyo mpya. Alhamisi mchana ilikuwa zamu ya Babu kuingizwa kwenye domeni, na akishaingia tu, jioni ile ile ramani zake zote zingenakiliwa Dar. Hakuna tena kupotea.

Asubuhi ya Alhamisi mambo yalikuwa mazuri mno. Saa nne walikuwa uani wote, wanamuaga Mzee Sadalla, aliyemlea Babu miaka kumi na tisa na sasa anastaafu. Chai ya maziwa, mikate ya ufuta, hotuba. Najat alipiga picha mpaka simu ikapata joto. Alikuwa na furaha hata akajigonga kidole cha mguu kwenye boksi la zawadi lenye karatasi nyekundu, lililokuwa chini ya meza ya chai tangu mwanzo. Saa ya ukutani hiyo, ofisi nzima ilichanga.

Saa sita mchana akashuka kwenye basi Alexander, mtaalamu wa makao makuu. Kijana wa Dar, shati limenyooka, maneno mengi. Saa nane na robo akamfungua Babu. Folda ya Pangani Kusini, tupu. Nyeupe pe! Hata faili moja.

"Nani kagusa hapa?" aliuliza.

Alexander akafungua kumbukumbu za mashine, zile ambazo seva inaandika yenyewe nani kafanya nini na lini. Akasoma kwa sauti: "Folda imefutwa leo, 4:12. Kwa kibodi hii hii, siyo kutokea mbali. Na Babu anasoma kwa mtindo wa saa ishirini na nne, kwa hiyo 4:12 ni saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri." Akageuka. "Nani alikuwa humu saa kumi alfajiri?"

Watu wote wakamtazama Badru.

Najat alitoa simu akapiga picha kioo chote cha Babu, ukingo kwa ukingo. Hakujua kwa nini. Mikono tu ilikuwa inataka kufanya kitu kabla haijampiga mtu kofi.

Aliyeleta daftari la funguo alikuwa Shariffa, meneja utumishi, mwanamke wa makamo, mtoto wa watu, na kila mtu ofisini alimpenda. Alisoma huku sauti inamtetemeka: "Badru kachukua ufunguo Jumatano saa kumi na mbili jioni. Karudisha Alhamisi saa mbili asubuhi. Sahihi yake hii. Ufunguo ni mmoja tu, jamani, sina la kusema." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nywila ya Babu haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi tangu enzi na enzi. Ufunguo ndio uliokuwa umemmaliza Badru.

*

Jioni ile, saa kumi na moja unusu, Najat alikuwa kituoni na kapu la chakula. Alimkuta Shariffa anatoka, katangulia na hotipoti ya pilau.

"Nimemwambia ale, hataki," Shariffa alisema, akamkumbatia. "Subira, mwanangu. Mungu hamtupi mja wake."

Najat alilia kidogo begani kwake. Baadaye, kila alipolikumbuka bega lile, alitamani kukiosha kichwa chake kwa sabuni ya magadi.

Afande Abrahamu alimkalisha kwenye benchi. "Kaka yako kuna mtu kamkosea pale kazini?"

"Hajamkosea mtu."

"Watu wamenieleza aligombana na mzee mmoja."

"Mzee Sadalla? Hakugombana naye. Mzee ndiye aliyegomba. Alisema mkimgusa Babu wangu mtajuta. Mkamate huyo basi!"

"Mzee Sadalla hana ufunguo, na saa kumi alfajiri alikuwa msikitini Nguvumali, anangoja adhana. Watu sita wamemuona."

"Na Alexander?"

"Muulize mwenyewe. Jumatatu tunakwenda mahakamani, binti. Ukiwa na kitu, niletee kabla ya hapo. Siyo kelele. Kitu."

Siyo kelele, kitu! Najat alitoka pale kajaa hasira, na lililomuuma zaidi ni kwamba afande alisema kweli.

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi, alimvamia Alexander palepale mbele ya Babu.

"Wewe ndiye uliyesoma ile 4:12. Wewe ndiye unayeijua hii mitambo. Nani ajuaye kama hukuifuta wewe ukamsingizia kaka yangu?"

Alexander hakukasirika. Alitoa pochi, akatoa tiketi ya basi iliyokunjika. "Dar, Alhamisi, kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi alfajiri nilikuwa kwangu Mbagala natafuta soksi. Dada'ngu, mimi nina hasira kuliko wewe. Nimetumwa kumwingiza Babu kwenye domeni, na Babu hataki."

"Hataki vipi?"

"Tazama." Akaandika jina la domeni, akaandika nywila, akabonyeza. Babu akanguruma, akafikiri, halafu akatema ujumbe. Alexander akautafsiri kwa kuchoka: "Anasema saa yake na saa ya domeni hazilingani. Bawabu wa domeni haruhusu tofauti ya zaidi ya dakika tano, anadhani wewe ni mwizi na kitambulisho cha zamani. Sasa nimeangalia saa. Ona, pale pembeni chini. 3:05. Saa tatu na dakika tano. Na mkononi kwangu?" Akanyanyua mkono. "Saa tatu na dakika tano! Zinalingana kama mapacha. Kizee kinadanganya tu."

Najat alitazama kioo, akatazama simu yake. Kweli, ilikuwa saa tatu na dakika tano.

Alexander alijaribu mara tatu, mara tatu Babu akagoma. "Basi," akasema, "nimeshaongea na Dar. Ramani nyingine nitazihamisha kwa mkono. Jumatatu Babu anakwenda kwa wauza vyuma chakavu."

"Jumatatu? Na zile kumbukumbu zake za nani kafuta nini?"

"Zinakwenda naye."

Yaani Jumatatu hiyo hiyo, kaka mahakamani na ushahidi kwenye mkokoteni wa vyuma! Najat aliubamiza mlango, kitasa kikabaki kinacheza.

*

Baada ya swala ya Ijumaa akapanda bodaboda mpaka Nguvumali. Njiani alipanga maneno makali, na kila tuta alilopita aliongeza jingine. Mzee Sadalla alikuwa sebuleni kwake, kanzu nyeupe, anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo," Najat alisema, ila kaisema kama anatupa jiwe.

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kunipiga?"

"Nimekuja kukuuliza. Ulisema tukimgusa Babu tutajuta. Tumejuta. Kaka yangu yuko ndani. Umeridhika?"

Mzee akaweka ungo chini. "Badru yuko ndani? Kwa lipi?"

Hakuna aliyemwambia! Watu walimpa chai, wakampa saa, wakamsahau. Afande naye alikuwa kawauliza watu wa msikitini tu, mzee mwenyewe hakumfikia. Najat akaeleza yote, kwa kelele, na kadiri alivyoeleza mzee alizidi kunywea kwenye mkeka. Aliposikia Pangani Kusini, akashika kichwa.

"Mie niifute ile? Mie? Ramani ile nimeishikia kamba mwenyewe, mwaka 2006, kwa jua la Februari. Shamba la minazi la marehemu Sleyum. Katikati ya minazi kuna makaburi tisa, ya wale waliokuwa wakimvunia nazi baba yake Sleyum. Hayana majina, yana mawe tu. Kila kaburi tulilipimia faili lake. La tisa, upande wa mto, ni la bibi yangu mzaa mama." Akanyanyua uso. "Sasa niambie, mwanangu, mtu anamfuta bibi yake?"

Maneno makali yote ya Najat yakakosa kazi. Ila kichwani palibaki jina moja.

"Sleyum yupi, Mzee?"

"Sleyum baba yake Shariffa. Ndugu zake Shariffa wanaliuza shamba kwa mtu wa hoteli, mji mzima wa Pangani unajua. Mwenye hoteli anataka ardhi safi. Nani atamjengea mzungu bwawa la kuogelea juu ya makaburi?"

"Lakini Shariffa saa kumi alfajiri..." Najat alianza, akaishia hapo hapo. Alikuwa katazama ukutani, kwenye saa mpya ya zawadi. Mshale mfupi ulikuwa katikati ya tisa na kumi, mrefu uko kwenye sita. Lakini saa za madukani, saa za ofisini, wakati ule mshale mfupi hukaa katikati ya tatu na nne.

"Mzee, saa yako mbovu?"

"Mbovu nini? Saa tisa unusu hiyo. Soma."

"Ndiyo, ni saa tisa unusu. Lakini mshale..."

"Mie nimeiweka kama ya msikitini kwetu. Ikiwa saa tisa, mshale kwenye tisa. Hayo ya kutazama tatu halafu useme tisa, ya kupindua pindua kichwani, siyawezi na sitaki."

Najat akapiga magoti palepale mkekani.

"Mzee wangu. Babu. Nani alikuwa anamwekea Babu saa?"

"Nani mwingine? Betri yake ya ndani ilikufa zamani. Umeme ukikatika, akiamka anasema tuko mwaka 2004. Namwekea tarehe, namwekea saa. Jumatano umeme uliporudi nilimwekea mara ya mwisho. Ilikuwa saa kumi na moja kamili jioni, nikaandika kumi na moja."

"Ukaandika kumi na moja! Siyo kumi na saba?"

"Kumi na saba ndiyo saa gani tena?"

Lo! Najat alicheka, akalia, akapiga mkeka kwa kiganja mpaka choroko zikaruka. Miaka kumi na tisa Babu alikuwa anaishi saa sita nyuma ya dunia, na hakuna aliyejua, kwa sababu kila mtu wa hapa akimtazama kioo anasoma 3:05, anasema moyoni saa tatu na dakika tano, na kweli ni saa tatu na dakika tano. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawana kosa. Kosa lilikuja siku Babu aliposimama mbele ya bawabu wa domeni.

"Kwani Babu alikukosea nini?" mzee aliuliza, kaudhika. "Mtu anayekaa peke yake ana haki ya kuwa na saa yake. Mmempeleka ukweni ndiyo mkaona aibu."

Najat alikuwa keshatoa simu. Picha ya kioo cha Babu aliyoipiga Alhamisi: pembeni chini, 8:20. Akagusa maelezo ya picha. Simu ikasema iliipiga 14:20. Saa sita kamili! Basi ile 4:12 siyo alfajiri. Ongeza sita. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Chai!

"Mzee, saa nne na robo Alhamisi ulikuwa unafanya nini?"

"Natoa hotuba. Wote mlikuwepo mnanisikiliza. Isipokuwa Shariffa, hotuba yangu hakuisikia hata neno. Alisema anakwenda ndani kunitafutia zawadi."

Boksi jekundu. Chini ya meza. Tangu mwanzo. Najat alilikumbuka mpaka kidole cha mguu kikamuuma.

*

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, chumba cha seva kilijaa. Afande Abrahamu kasimama mlangoni, Alexander kwenye kiti, Mzee Sadalla kwenye ndoo iliyofunikwa, Shariffa karibu na dirisha na mtandio wake wa kijani. Badru aliletwa na askari mmoja, ndevu zimemchomoza, macho mekundu. Najat hakumtazama, maana angemtazama tu angelia, na leo hakuja kulia.

"Umesema una kitu," afande alisema.

"Ninacho. Afande, naomba ukae hapo, kwa Babu. Nimetengeneza faili moja, halina kitu, linaitwa KELELE. Lifute kwa mkono wako."

Afande akamtazama, akakohoa, akakaa. Akabonyeza. Faili likapotea.

"Saa yako inasemaje?"

"Saa nne na dakika mbili."

"Asubuhi?"

"Kwani jua hulioni?"

"Alexander, msomee afande Babu kaandika nini."

Alexander akafungua kumbukumbu. Akasoma, akarudia, kisha akajishika shavu. "Limefutwa... 4:02."

"Afande," Najat alisema, na sauti ilikuwa imeanza kupanda, "kwa hesabu iliyomlaza kaka yangu ndani siku mbili, wewe umefuta faili hili saa kumi alfajiri. Ulikuwa unafanya nini humu saa kumi alfajiri? Nani alikupa ufunguo?"

Babu akanguruma. Halafu Alexander akasema taratibu, "Mimi ni mjinga. Saa hazilingani. Alikuwa ananiambia kweli, na mimi nikamwita mwongo."

Najat akaeleza: betri, umeme, saa ya mzee. Mzee Sadalla akaitikia kila neno kwa kichwa, kidevu juu. Afande akaandika kwenye kidaftari chake, akatazama juu. "Kwa hiyo folda ilifutwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Badru alikuwa wapi?"

"Huyu hapa." Najat akaonyesha simu. Picha ya uani, 10:11: Badru, mkate wa ufuta mdomoni. Picha ya 10:13: Badru anampigia mzee makofi. "Kaonekana kabla, kaonekana baada. Na ufunguo keshaurudisha saa mbili. Daftari linasema, tena mlisomewa kwa sauti ya majonzi. Ukisharudishwa, ufunguo unakaa kwenye droo ya nani?"

Macho yote yalikwenda dirishani.

Shariffa akatabasamu. "Najat, mwanangu, una uchungu, nakuelewa. Mie nilikwenda kuchukua zawadi ya Mzee. Kila mtu alinisikia."

"Kila mtu alikusikia. Sasa naomba kila mtu aone." Picha ya 10:03. Meza, birika, vikombe, na chini ya meza, karatasi nyekundu inawaka kama pilipili. "Zawadi ulikwenda kuitafuta wapi, bibie? Ilikuwa miguuni mwetu. Na hii ya 10:11 hupo, na ya 10:13 hupo, na ya 10:16 ndiyo wewe huyo, unahema. Nani aliyeipanga chai ile? Nani aliyesema tukae uani, siyo ukumbini?"

"Picha za simu!" Shariffa alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mtu anaweza kwenda msalani."

"Basi ungesema msalani."

Afande akasogea hatua moja. "Bi Shariffa, ramani ya Pangani Kusini ilikuwa ya shamba la nani?"

Ndipo mtandio ulipomshuka begani na hakuuinua. Akakaa kwenye boksi la nyaya.

"Jioni ile ilikuwa inakwenda Dar," alisema. "Ikishafika Dar haifutiki tena. Ndugu zangu wamenisumbua mwaka mzima. Wewe ndiye unayefanya kazi mle, Shariffa, wewe ndiye mwenye ufunguo. Mwenye hoteli alisema ramani ikionyesha kaburi hata moja, hanunui. Sikujua itaandika saa. Na ilipotoka 4:12, na watu wote wakamgeukia Badru... nikaona Mungu mwenyewe kanifungulia mlango."

"Mungu?" Najat alipiga kelele mpaka askari akashtuka. "Usimtie Mungu! Ulimuona anafungwa pingu, ukanyamaza! Ukampelekea pilau! Ukanikumbatia mimi! Nilikulilia begani, wewe mwanamke, nilikulilia!"

"Nilimhurumia kweli—"

"Ungemhurumia kwa mdomo, siyo kwa pilau!"

"Najat, ni mawe tu yale!" Sasa Shariffa naye alikuwa analia. "Hayana hata majina! Nani anajua waliolala pale?"

Mzee Sadalla akainuka kwenye ndoo yake. Hakupaza sauti. "Mie najua," alisema. "Wa tisa, upande wa mto, aliitwa Mwanakombo. Alimnyonyesha baba yako, Shariffa. Mama yake alipokosa maziwa."

Shariffa akafunika uso. Afande akamwambia asimame, Badru akafunguliwa pingu, na zile zile akavalishwa yeye.

Afande Abrahamu alipofika mlangoni aligeuka kwa Najat. "Niliomba kitu, siyo kelele."

"Umeletewa vyote viwili," Najat alimjibu.

*

Saa nane mchana, Mzee Sadalla mwenyewe ndiye aliyekaa mbele ya Babu. Alikataa katakata mtu mwingine amguse. Akaandika kumi na nne, kidole kimoja kimoja, huku ananung'unika kwamba kumi na nne siyo saa, ni idadi ya nazi. Alexander akaandika jina la domeni, akabonyeza. Babu akanguruma, akafikiri sana, kisha kikatokea kijisanduku cheupe chenye maneno machache.

"Anasema nini?" mzee aliuliza.

"Anakaribishwa," alisema Alexander. "Bawabu kasema karibu ndani."

"Haya. Kaone wakwe," Mzee Sadalla alimwambia Babu, akampigapiga ubavuni.

Badru hakwenda hata nyumbani kuoga. Kitu kilichofutwa, alisema, hakipotei mpaka kiandikiwe kingine juu yake, na tangu Alhamisi hakuna aliyemwandikia Babu kitu zaidi ya KELELE. Akaanza kuyarudisha mafaili, moja moja, kwa mashine ya mwaka 2004 inayotembea kama kobe mwenye homa. Ilipofika magharibi Najat akamburuta kwa nguvu akale.

Nyumbani Badru alilala sahani ya ugali mapajani, tonge mkononi. Mama yao akamvua viatu, akamfunika khanga, kisha akamgeukia Najat, ambaye alikuwa kaongea tangu mlangoni bila kupumua, saa, chai, boksi jekundu, yote.

"Na makaburi?" Mama akauliza. "Yamerudi?"

"Saba, Mama. Badru kaiacha mashine inaendelea kutafuta yenyewe. Yamebaki la nane na la tisa."

"La tisa si ndilo la bibi yake Sadalla?"

"Ndilo." Najat akazima taa ili kaka yake alale vizuri, akakaa miguuni pa mama yake gizani. "Mzee kagoma kuondoka ofisini, kakaa na Babu wake wanatazamana. Kesho asubuhi nampelekea chai. Saa nne nikirudi, Mama, nitakwambia kama Mwanakombo kaonekana."